Laini Mpya, Simu Ile Ile

Polikarp alikuwa ameketi kwenye benchi la mahabusu, jicho moja limefumba, mdomo umevimba upande mmoja kama mtu aliyeficha andazi shavuni. Si polisi waliompiga. Walimpiga wajomba zake mwenyewe huko Kate, wakamfunga kamba, wakampakia kwenye lori la mahindi na kumleta mpaka kituoni Sumbawanga. "Huyu hapa aliyemuuza dada yake," walisema. "Mkimwachia, msimrudishe kwetu."

Sajenti Evodia wa dawati la jinsia alimsogezea kikombe cha chai. Alikuwa mama wa makamo aliyezoea kukaa kimya mpaka mtu achoshwe na ukimya wake mwenyewe.

"Kunywa."

"Vidole havikunjiki, afande."

Evodia akamshikia kikombe, Polikarp akanywa kama mtoto anayenyweshwa dawa.

"Haya, tuongee. Dada yako Silvana alimkimbia mumewe Felisian, baada ya kuvunjwa mkono. Ulimpeleka wapi kwanza?"

"Kwa shangazi, Kate."

"Felisian akafika."

"Akafika. Shangazi akajifungia ndani akapiga yowe, watu wakajaa, akaondoka."

"Halafu?"

"Chumba cha kupanga hapa mjini, nyuma ya soko. Akafika tena. Silvana alitokea dirishani, viatu akaviacha."

"Halafu Kaoze."

Kaoze ni kule chini, bonde la Ziwa Rukwa, kwenye joto na mbu, ambako wafugaji waliohama kutoka usukumani wameweka maboma yao. Polikarp alikuwa na rafiki huko, Mayunga, waliyezoeana naye mnadani. Mke wa Mayunga, Kija, alimpokea Silvana kama mdogo wake wa tumbo moja. Mtandao wa simu haushiki huko, gari linapita likitaka. Silvana alikaa akanenepa, watu wakaanza kusema Felisian amechoka. Kisha asubuhi moja, Silvana akiwa kisimani, Felisian alifika na panga akamkuta Kija peke yake nyumbani. Silvana aliporudi na ndoo kichwani, Kija alikuwa ameshakata roho mlangoni, na Felisian ameshatokomea. Hadi leo hakuwa ameonekana.

"Sehemu tatu," Evodia alisema. "Nani alizijua zote?"

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Mungu."

"Mungu siwezi kumwandikia maelezo, Polikarp."

"Basi niandike mimi. Lakini sikusema. Hata ukinimalizia na hili jicho jingine, sikusema. Wajomba wanadai labda si mimi, labda Felisian ana kioo cha kwa mganga anachotazamia watu. Nikawaambia kama ni kioo, mbona mnanipiga mimi? Wakazidisha."

Evodia akafungua faili. Maelezo ya Mayunga yalikuwa yamefika asubuhi hiyo kutoka Kaoze.

"Mayunga anasema alikuwa zizini akasikia kwa mbali mtu anafoka mlangoni kwake, asiwahi kufika. Maneno ni haya: 'Yuko wapi huyo mume mwenye ng'ombe mnayemtafutia mke wangu?' Wewe ulimtafutia Silvana mume?"

Polikarp akamkodolea lile jicho moja. "Mume? Mahari ya watu hatujairudisha, nitafute mume mwingine? Afande, mimi ni mjinga lakini si wa kiasi hicho."

Evodia alimwamini. Hakumwambia. Alimwambia tu kwamba atabaki hapo ndani, kwa kuwa kwa sasa mahabusu kuna usalama kuliko kwao. Polikarp aliinama akauliza kwa sauti ndogo, "Yuko wapi sasa?"

"Hilo hutalijua."

"Vizuri," Polikarp alisema. "Usiniambie kabisa. Akimpata tena, angalau wataona si mimi."

*

Silvana alikuwa Pito, nje kidogo ya mji, kwa Mama Cornelia, muuguzi mstaafu aliyeishi peke yake na kuku na shamba la ulezi. Evodia alifika akiwa nyuma ya pikipiki ya Konstebo Zephania, macho yanatoka machozi kwa baridi. Upepo wa Ufipa ukivuma hivyo hata mbuzi hugeuza makalio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingieni, uji upo. Mgeni wetu hali. Nimemwambia sijastaafu ili nianze kulisha watu kwa kijiko."

Silvana alikuwa kwenye kiti kidogo karibu na ukuta, mahali ambapo dirisha halimwoni. Simu ilikuwa mezani, imeegemezwa kwenye kibuyu cha maziwa. Ilikuwa simu ya kugusa yenye ufa kwenye kona ya kioo.

"Umeshapiga popote na hiyo?" Evodia aliuliza.

"Hapana, dada. Namba ya laini hii mpya anayo Mama Cornelia peke yake. Ile ya kwanza niliivunja. Ile ya pili niliitupa chooni kule mjini, na ya Kaoze niliiacha njiani."

Evodia aliitikia kwa kichwa. Ndivyo ilivyokuwa desturi. Anayekimbia deni, anayekimbia mwanamume, anayekimbia ukoo, wote wanaanza hapo: kuvunja laini na kusajili mpya. Laini ikishavunjwa, mtu anajiona amehama dunia. Hata pale dawatini ushauri wa kwanza ulikuwa huo.

"Nieleze Kaoze. Siku za mwisho mwisho. Nani alikuja, nani aliondoka, wewe ulikwenda wapi."

"Sikwenda popote. Kisimani, shambani, kisimani."

"Popote kabisa?"

Silvana akafikiri. "Kichuguuni."

"Kichuguu kipi?"

"Kuna kichuguu kikubwa nyuma ya zizi. Ukipanda juu mtandao unashika kidogo. Watu wote wanapanda pale. Jioni utaona wamejipanga, mmoja anaongea juu, wengine wanangoja chini. Nilipanda nikampigia mama. Dakika chache tu, nikashuka."

"Lini?"

"Jioni. Kesho yake ndiyo…"

Zephania na Evodia wakatazamana.

"Na kule mjini? Kabla hajaja?"

"Nilikuwa nimenunua bando siku ileile. Nalo nilipigwa, maana liliisha kabla sijafungua hata kitu kimoja. Simu hii inakunywa bando kama mlevi. Halafu inapata joto. Naiweka chini ya mto, usiku inanichoma shavu."

"Na hapa?"

"Jana mama alininunulia la wiki. Asubuhi limekwisha."

Mama Cornelia aliguna. "Nikadhani anaangalia video."

Evodia akaichukua simu. Kweli ilikuwa na joto, kama yai lililotoka chini ya kuku. Akaipekua taratibu kwa kidole kimoja: picha, nyimbo za kwaya, redio, tochi, kikokotoo. Akarudi nyuma. Kikokotoo kingine.

"Silvana, mbona una vikokotoo viwili?"

"Nilivikuta hivyohivyo. Nilidhani kimoja cha kujumlisha na kingine cha kutoa."

Zephania akacheka, akaona hakuna mwenzake, akaacha.

"Nani aliiandaa simu hii?"

"Fundi Isdori, pale karibu na stendi. Felisian aliponinunulia, alisema aende kwanza kwa fundi aniwekee nyimbo za kwaya."

Evodia akasimama. "Naondoka nayo. Nyinyi mbaki hapahapa. Sina askari wa kuwaachia mchana huu, ila nitarudi kabla ya jioni. Mlango wa nyuma haufungi vizuri, mama, wekeni kitu."

"Nitaweka pipa," alisema Mama Cornelia.

*

Isdori alikuwa kijana mwembamba, amekaa kwenye kijibanda chenye kioo mbele, simu za watu zimepangwa kabatini kama samaki wa kukaushwa. Aliwaona polisi akainuka haraka.

"Shikamoo, afande. Zephania, mambo vipi mshikaji?"

"Marahaba," alisema Evodia, akaiweka simu mezani. "Hii unaijua?"

"Simu zinafanana, mama."

"Hii ina ufa kama mguu wa kuku."

"Ah… Hiyo nadhani niliweka nyimbo."

"Na nini kingine?"

"Basi."

"Haya. Jumlisha mbili na mbili hapa." Evodia aligusa kikokotoo cha kwanza. Isdori akabonyeza, ikatokea nne. "Vizuri. Sasa jumlisha kwenye hiki cha pili."

Isdori hakunyoosha mkono. Evodia akakifungua mwenyewe. Kioo kikawa cheusi, kikaomba namba ya siri.

"Niambie, fundi. Kikokotoo gani kinataka kujua wewe ni nani kabla hakijakubali mbili na mbili?"

Isdori alikaa kwenye kiti chake polepole.

"Kuna mama amekatwa mapanga Kaoze," alisema Evodia. "Unaweza kuniambia hapa umekaa, au kule umesimama."

"Mama, sikujua mambo ya mapanga. Naapa. Jamaa alikuja na simu mpya kwenye boksi lake. Akasema fundi, nataka kumlinda mke wangu, mjini kuna wahuni. Programu ipo tu, mtu anaishusha mtandaoni bure, wanasema ni ya wazazi kuangalia watoto. Nikaipa picha ya kikokotoo isionekane. Kosa liko wapi? Mwenye simu ni aliyenunua. Kila mtu hapa mjini anasema hivyo, hata wewe ungeulizwa."

"Fungua."

Isdori akaandika namba. Ikatokea ramani, na juu ya ramani mstari mwekundu unaotoka nukta hadi nukta. Kate. Nyuma ya soko. Mstari ukashuka ukingoni mpaka bondeni, ukarudi juu. Pito. Nukta ya mwisho ilikuwa inapepesa hapohapo walipo, karibu na stendi.

"Laini zote amebadilisha," Zephania alisema.

Isdori akadakia, "Laini ni ya kupigia tu. Huyu hafuati namba, anafuata simu yenyewe. Ukibadili laini umebadili kofia, kichwa ni kilekile."

"Na Kaoze hakuna mtandao," alisema Evodia.

"Inameza. Inameza kila kitu inatunza tumboni. Ikionja mtandao hata kidogo, inatema kwake."

Kichuguuni, basi. Silvana alipanda kumsikia mama yake, na simu nayo ikapata nafasi ya kusema.

Evodia akashusha pumzi. Mara ya kwanza tangu kesi ianze, aliona ardhi chini ya miguu yake. "Polikarp hana kosa," alisema. "Zephania, sikiliza. Simu iko kwetu, Silvana yuko Pito hana kitu, kwa hiyo yuko salama. Hii tunaipeleka nyumba ya wageni pale stendi, chumba cha uani. Felisian atafuata nukta yake, atafika, tutakuwa tunamngoja. Waite wenzako wawili."

"Sawa, afande."

Zephania alikuwa ameshika pikipiki tayari. Evodia naye alikuwa ameinua simu ya Silvana aitie mfukoni, ndipo akakumbuka yale maneno ya mlangoni. Nukta kwenye ramani ingemwonyesha Felisian nyumba. Isingemwambia habari za mume mwenye ng'ombe.

Akairudisha simu mezani, akatoa ya kwake, akampigia Mama Cornelia.

"Mpe Silvana. Silvana, nijibu jambo moja. Kule kwa Kija, kuna mtu aliwahi kuongea habari za kukutafutia mume mwenye ng'ombe?"

Sauti ikaja imekatika. "Kija alikuwa ananitania. Tulikuwa tunamenya karanga. Akasema nikae tu, mahindi yakikomaa atanitafutia mume Msukuma mwenye ng'ombe, anipe mtindi mpaka niote kitambi. Tulicheka. Nani amekuambia?"

"Mlikuwa na nani?"

"Wawili tu. Mvua ilikuwa inanyesha, hata Mayunga hakuwepo."

"Mlikuwa na nani mwingine, Silvana? Au na nini?"

"Hakuna mtu, dada. Sisi na karanga na hiyo simu, inatupigia nyimbo."

Evodia aliishusha simu sikioni. Alikata. Akatazama simu yenye ufa iliyolala katikati ya meza, kati yake na Isdori na Zephania, na akaanza kurudia kichwani yote yaliyosemwa juu yake tangu asubuhi. Sina askari wa kuwaachia. Mlango wa nyuma haufungi vizuri. Yuko Pito, hana kitu.

Akaweka kidole mdomoni. Akawashika wote wawili mikono, akawatoa nje mpaka kwa kinyozi wa jirani aliyekuwa amefungulia muziki wa kutikisa bati.

"Inasikia?" aliuliza sikioni mwa Isdori.

"Inasikia, mama."

"Mbona hukusema?"

"Hukuuliza."

*

Walikwenda Pito kwa mwendo ambao Evodia hakuwahi kumruhusu askari yeyote. Isdori aliachwa kituoni. Simu ya Silvana aliichukua, imewashwa vilevile, kwa kuwa Isdori alikuwa amesema ikizimwa jamaa atajua. Aliitia ndani ya sweta na kuifunga koti. Upepo ulikuwa unapiga kelele za kutosha, na pikipiki nayo. Wacha asikilize upepo.

Walipofika, hakukuwa na mtu ndani. Pipa lilikuwa mlangoni. Evodia aliiacha simu juu ya kiti cha pikipiki, akazunguka nyuma ya nyumba huku mkono uko kiunoni. Mama Cornelia na Silvana walikuwa katikati ya shamba, wanakata masuke ya ulezi, visu mikononi.

"Mbona mmetoka?"

"Nilisikia sauti yako kwenye simu haina raha," alisema Mama Cornelia. "Nikasema bora tuwe mahali pa kuona anayekuja. Halafu yule mwenye duka anasema kuna mtu wa pikipiki nyekundu ameulizia kama nina mgeni. Koti la kofia. Amemjibu mimi sina hata mume, nitakuwa na mgeni?"

"Lini?"

"Sasa hivi tu."

Evodia akawaeleza palepale kati ya ulezi, kwa maneno machache. Silvana alisikiliza, kisu kimeshuka.

"Kwa hiyo ni mimi niliyempeleka kwa Kija," alisema.

"Ni yeye aliyejipeleka."

"Kwenye mkono wangu."

"Silvana. Yuko karibu na anasikia. Naweza kukutoa hapa leo, ukalale kituoni. Atangoja. Mwezi, mwaka. Au tumpe cha kusikia."

Silvana aliufuta mkono kwenye kitenge. "Anataka kusikia nini?"

Waliingia ndani wote wanne wakipiga gumzo kama watu waliotoka kutembea. Evodia aliiweka simu mezani kwa sauti.

"Simu yako hii. Fundi ameapa kwamba ameshakifuta kile kikokotoo, sasa ni simu tu. Kule nyumba ya wageni hakuna haja tena, tumeitwa Kate haraka, kuna watu wanauana kwa mpaka wa shamba. Tutaonana kesho."

"Nami nina jumuiya," alisema Mama Cornelia. "Usiniangalie hivyo, Silvana, mimi ndiye mwenyekiti, siwezi kukosa. Uji uko jikoni. Ukichoka lala."

"Nendeni tu, mama. Nitasali kidogo nilale."

Mama Cornelia akatoka na kitabu chake cha nyimbo. Zephania akawasha pikipiki, akaondoka kwa kishindo kuelekea shuleni, ambako angeiacha na kurudi kwa miguu kupitia mahindi. Evodia alikuwa amevua viatu. Alisimama nyuma ya mlango wa nyuma, mgongo ukutani, akalisogeza pipa taratibu mpaka ule mlango ukabaki umeegeshwa.

Mpango ulikuwa Silvana atokee dirishani ajifiche kwa jirani, simu ibaki na redio. Hakutoka. Aliketi mezani palepale, akaisogeza simu karibu, akachukua rozari. Evodia alimpungia mkono mara ya kwanza, mara ya pili. Silvana akatikisa kichwa. Akaanza kusali kwa sauti ileile ya kila siku, bila haraka, matendo ya uchungu.

Kuku waliingia, wakatoka. Evodia alibanwa na kikohozi, akaing'ata kola ya koti. Sala zikaenda. Ilipofika mahali pa kutaja nia, Silvana alisita, Evodia akaona mabega yake yanapanda. "Kwa ajili ya Kija," alisema. Hakutaja mwingine.

Kisha kuku waliokuwa nyuma ya nyumba wakaruka wote kwa pamoja.

Mlango ulisukumwa kwa ncha ya kiatu. Panga liliingia kwanza, kisha mkono, kisha koti la kofia. Evodia aliusukuma mlango kwa mwili wake wote, mkono ukabanwa na mfupa ukalia. Panga likaanguka sakafuni. Mtu akafoka, akasukuma, Evodia akateleza kwenye sakafu kwa soksi akaenda chini. Felisian aliruka juu yake akielekea mezani, na Silvana hakukimbia, alikuwa amesimama na kile kisu cha ulezi kimeelekezwa mbele kwa mikono miwili. Alisimama hivyo tu. Felisian akasita. Kusita huko ndiko kulikompa Zephania nafasi ya kumkumba kutoka nyuma, wakaanguka wote juu ya kiti, pingu zikalia.

Walimketisha nje kwenye kigogo cha kupasulia kuni. Hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa amenyoa vizuri. Sikioni alikuwa bado amechomeka waya wa kusikilizia.

"Kija alikukosea nini?" Evodia aliuliza.

"Alikuwa anamharibu mke wangu. Nilimsikia."

"Polikarp alikwambia chochote?"

Felisian akacheka kidogo, kwa pua. "Polikarp hajui hata mambo ya nyumbani kwake."

Silvana alikuwa mlangoni. Felisian akamtazama, na sauti yake ikawa ya mtu anayelalamika kwa jambo dogo la nyumbani.

"Kila jioni ulikuwa unaniombea. Kate, mjini, bondeni kule. Eti niongoke. Nimezisikia zote, hakuna hata moja iliyonipita. Leo ndiyo hukunitaja."

Silvana akamgeuzia mgongo. Akaingia ndani.

*

Polikarp alitoka mahabusu. Wajomba walituma mtu aje na mbuzi wa kuombea radhi, yule mtu akasubiri nje ya kituo kutwa nzima ameshika kamba, na Polikarp alipotoka alimpita yeye na mbuzi wake bila kugeuka. Kijibanda cha Isdori kilifungwa kwa kufuli la polisi, na asubuhi kulikuwa na wanawake wamesimama mbele yake, kila mmoja na simu mkononi, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuuliza.

Yalibaki maelezo ya Silvana kwa ajili ya mahakama. Evodia alikwenda Pito kuyachukua. Mama Cornelia alimpokea uwanjani, wakasalimiana, kisha yule mama akamvuta pembeni.

"Tangu siku ile hasemi akiwa ndani," alisema. "Neno moja hasemi. Akitaka chumvi ananyoosha kidole. Nimetoa redio, nimempa mwenye duka anitunzie. Simu yangu naiweka kwenye banda la kuku. Bado."

"Usiku je?"

"Usiku anakaa macho."

Silvana alikuwa mezani. Alipomwona Evodia alisimama akampa mkono. Meza ilikuwa tupu. Evodia akavuta kiti, akatoa karatasi na kalamu, akasema habari za nyumbani, akasema kaka yake anawasalimu, anakuja Jumapili. Silvana aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anaangalia mfuko wa koti la Evodia, pale simu ilipotuna.

Evodia aliitoa akaiweka juu ya meza. Silvana akaenda kuchukua kanga, akaizungushia simu mara nyingi, akaitia ndani ya sufuria, akaifunika. Kisha akamshika Evodia mkono, akamtoa nje, wakapita banda la kuku, wakaingia shambani. Evodia alisimama mara ya kwanza, akidhani wamefika. Silvana akamvuta. Wakaenda mpaka nyumba ikawa bati dogo nyuma yao, na pande zote ulezi uliobaki ukilala kwa upepo na kuinuka.

Hapo Silvana aliketi chini. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akapitisha mkono kati ya mashina kama mtu anayetafuta nyoka.

"Haya, dada," alisema, sauti imekauka kwa kutotumika. "Uliza sasa. Lakini polepole."